Maradhi ya Baridi Yabisi kwa Mbwa Waliozeeka

Katika mitaa ya Tabata, na Kimanga, na Segerea, na hata ukienda mbali mpaka Kinondoni au Temeke, si rahisi kupita njiani usiku usisikie mbwa akibweka nyuma ya geti. Watu wengi wa pande hizi hawafugi mbwa kwa kujifurahisha, bali kwa ulinzi wa nyumba. Mchana hufungiwa bandani, na jioni hufunguliwa azunguke ua mpaka alfajiri. Kazi hiyo huifanya miaka 7 au 8, pengine hata 10, wala hapati ujira ila chakula chake. Kisha hufika wakati, mara nyingi katika masika au kipupwe, mwenyewe akaona mambo yamebadilika. Mbwa akifunguliwa hatoki mbio kama zamani. Akiitwa huinuka polepole, miguu ya nyuma ikimtetemeka. Mgeni akigonga geti, mbwa hubweka pale pale alipolala.

Hapo ndipo maneno yanapokuwa mengi. Wa kwanza husema, "Mbwa huyu amekuwa mvivu, apunguziwe chakula." Wa pili husema, "Amezeeka, hafai tena, akatupwe." Wa tatu husema, "Huyu ana kichaa, apigwe kabla hajatuuma." Wa nne husikia huruma, akaenda duka la dawa, akanunua vidonge vya maumivu wanavyotumia watu, akamtilia mbwa katika ugali. Wote wanne wamekosea njia, na huyo wa nne, ijapokuwa nia yake ni njema, ndiye awezaye kumwua mbwa upesi kuliko wenzake. Basi makala hii yataka kueleza jambo moja: mbwa mzee aliyeacha kuinuka si mvivu, ana maumivu. Maumivu hayo yana dalili zake, na yana matunzo yake, ambayo mengi hayahitaji fedha nyingi.

UGONJWA WENYEWE NI NINI

Kila mahali mifupa miwili inapokutana pana kiungo. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, yaani kitu cheupe chenye kuteleza, kama kile ukionacho mwishoni mwa mfupa wa paja la kuku. Kiungo chote kimezungushiwa mfuko, na ndani ya mfuko mna ute mzito mfano wa ute wa yai. Gegedu na ute hufanya kazi ile ile ifanywayo na gololi na grisi katika gurudumu la mkokoteni. Grisi ikikauka na gololi zikilika, gurudumu hulia na kukwama, na mwenye mkokoteni hutumia nguvu nyingi kwa mwendo mchache. Ndivyo ilivyo kwa kiungo cha mbwa. Gegedu hulika kidogo kidogo mwaka hata mwaka, mfuko huvimba, na mwili katika kujaribu kujitengeneza huotesha vinundu vya mfupa kandokando ya kiungo. Tangu hapo kila hatua ina maumivu.

Maradhi haya twayaita baridi yabisi, na jina hilo limewafanya watu wengi kudhani kwamba baridi ndiyo iletayo ugonjwa. Sivyo. Baridi na unyevu huzidisha kukakamaa, na ndiyo maana mbwa huonekana mgonjwa zaidi asubuhi za kipupwe. Lakini asili ya ugonjwa ni kuharibika kwa kiungo. Sababu zake kubwa ni nne. Ya kwanza ni umri: mbwa wakubwa wa mwili huanza kuzeeka wapatapo miaka 7 au 8, na wadogo huchelewa zaidi. Ya pili ni uzito, maana mwili mnene ni mzigo uchukuliwao na viungo vile vile usiku na mchana. Ya tatu ni ajali ya zamani: mbwa aliyegongwa na pikipiki akiwa kijana, au aliyekatika kano ya goti, aweza kupona akatembea, lakini kiungo kile hukumbuka. Ya nne ni maumbile ya kuzaliwa. Mbwa wale wakubwa wenye asili ya Ujerumani, wanaopendwa sana kwa ulinzi, wengi wao huzaliwa na nyonga zisizokaa sawa katika tundu zake, na hao huweza kuanza kuugua hata kabla ya uzee.

Yafaa kusema kweli tangu mwanzo: gegedu lililokwisha kulika halirudi kuwa kama zamani. Asiwepo mtu wa kuwadanganya kwamba ana dawa ya kuponya kabisa. Lakini kutopona si sawa na kutotunzika. Mbwa aliyetunzwa vema aweza kuishi miaka mingine akila, akitembea na akilinda, bila ya mateso.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mbwa ni mnyama mwenye subira. Akiumia kidogo kidogo hapigi kelele, bali hupunguza mwendo wake na kunyamaza. Wazee wetu walisema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," na mbwa naye ndiye aijuaye adhabu ya viungo vyake, ila hana ulimi wa kutueleza. Kwa hiyo asemapo mtu, "Mbwa wangu hana maumivu, maana halii," hajasema neno. Yampasa kutazama mambo haya:

1. Kuinuka kwake. Baada ya kulala muda mrefu huinuka kwa shida, hutembea kama aliyefungwa kamba miguuni, kisha baada ya hatua kadha wa kadha hulainika. Hii ndiyo dalili ya kwanza na iliyo dhahiri.

2. Mambo aliyoyaacha. Zamani alipanda ngazi ya baraza, alisimama kwa miguu ya nyuma kuchungulia juu ya geti, aliruka msingi wa maji. Sasa huzunguka, au husimama akatazama tu.

3. Kuchechemea, hasa kesho yake baada ya siku ya kukimbia sana.

4. Umbo lake. Mtazame kwa nyuma. Mapaja yamekonda, na kifua na mabega yamenenepa, kwa kuwa amehamisha uzito wake mbele ili kuipumzisha miguu ya nyuma.

5. Kujilamba mahali pamoja, juu ya goti au kifundo, mpaka manyoya yakabadilika rangi.

6. Kucha. Kwa kuwa hatembei sana wala hakanyagi sawa, kucha zake huwa ndefu, au za mguu mmoja hulika kuliko za mwingine.

7. Tabia. Mbwa aliyekuwa mpole hunguruma akiguswa mgongoni au kiunoni, na huweza kumwuma mtoto aliyemwegemea. Hajawa mwovu, ameguswa panapouma.

8. Haja zake. Hushindwa kuchutama vema, na pengine hujichafua alipolala kwa sababu ya uzito wa kuinuka.

Walimu waweza kuwasaidia watu sana katika jambo hili kwa kuwafundisha watoto kwamba mbwa mzee aliyelala asirukiwe wala asikumbatiwe kwa ghafula. Wapo pia jirani zetu ambao kwa sababu ya dini hawagusi mbwa, ijapokuwa wanaye wa ulinzi. Hao nao hawana udhuru wa kutojua, kwa maana karibu dalili zote hizi huonekana kwa macho, na kazi ya kumshika yaweza kufanywa na mlinzi au kijana wa kazi.

MARADHI YANAYOFANANA NAYO

Si kila mbwa achechemeaye ana baridi yabisi. Kabla ya kukata shauri, mwenye mbwa atofautishe mambo yafuatayo.

Kwanza, kichaa cha mbwa. Hili ni jambo kubwa, maana makosa yake ni ya pande mbili: kuna mbwa wazee wauawao bure kwa kudhaniwa wana kichaa, na kuna hatari ya mwenye kichaa kudhaniwa ni mzee tu. Baridi yabisi huja polepole kwa miezi, na mbwa huendelea kula, kunywa na kumjua bwana wake. Kichaa huja kwa siku chache: tabia hugeuka ghafula, mbwa hutokwa na udenda, hushindwa kumeza, sauti hubadilika, hutangatanga au hupooza, na kwa kawaida hufa kabla ya siku 10 kupita. Ukiona mambo hayo usimguse mbwa wala usijaribu kumfumbua kinywa. Mpelekee habari afisa mifugo na mwenyekiti wa mtaa. Na mtu yeyote aliyeumwa na mbwa aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Pili, homa ya kupe. Kupe wa mbwa ni wengi sana Dar es Salaam, hujificha katika nyufa za banda, nao huchukua vijidudu viletavyo homa na uvimbe wa viungo. Mbwa mwenye homa hiyo hachechemei tu, bali huacha kula, hupata joto, ufizi wake huwa mweupe, na pengine hutoka damu puani. Ugonjwa huu wataka dawa yake maalum, na ukicheleweshwa huua. Ni makosa kumpa mbwa wa namna hii dawa ya maumivu peke yake na kungoja.

Tatu, ajali na mwiba. Mbwa aliyekuwa mzima jana na leo hakanyagi mguu mmoja kabisa, atazamwe kwanza nyayo, halafu apelekwe kwa mganga wa wanyama. Nne, uvimbe mgumu juu ya mfupa, hasa kwa mbwa mkubwa wa mwili, huweza kuwa saratani. Tano, mbwa aliyepooza miguu ya nyuma kwa ghafula ana ugonjwa wa uti wa mgongo, na huyo hangoji kesho.

DAWA YA MTU SI DAWA YA MBWA

Sasa tumefika mahali penye hatari. Katika mitaa yetu maduka ya dawa yapo kila kona, na kila mtu ajua jina la kidonge cha maumivu. Ni rahisi kuwaza, "Kama kimenisaidia mimi mgongo, kitamsaidia na mbwa." Lakini mwili wa mbwa hauyeyushi dawa kama mwili wa mtu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mtu huzimeza na kuendelea na kazi yake, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuzima figo zake. Aspirini nayo huleta vidonda vya tumbo. Panadol ikizidi huharibu ini, na huiharibu damu isiweze kuchukua hewa; na paka, ambaye ni dhaifu zaidi katika jambo hili, kidonge kimoja kinatosha kumwua.

Kama yuko anayetia shaka kwamba dawa nzuri kwa mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine, na ayasikie mambo ya tumbusi wa Bara Hindi. Ndege hao walikuwa mamilioni, kisha wakaanza kufa wasibaki ila wachache sana, na watu hawakujua sababu. Mwaka 2004 wataalamu walionyesha kwamba tumbusi walikuwa wakila mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, na kiasi kidogo cha dawa kilichobaki katika nyama ndicho kilichoua figo zao. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Ng'ombe yule aliitumia bila ya kufa, na ndege aliyemla akafa. Basi tusipime mwili wa mnyama kwa mwili wetu.

Kadhalika dawa za kuchua za watu zisipakwe juu ya viungo vya mbwa, kwa sababu atajilamba na kuzimeza. Oili chafu ya gari, ambayo wengine huwapaka mbwa kwa maradhi ya ngozi, haifai kwa ngozi wala kwa viungo. Kumchanja na kumchoma kwa chuma cha moto ni kuongeza maumivu juu ya maumivu.

Ikiwa dawa ya watu imekwisha kumezwa, usimnyweshe maziwa wala mafuta. Chukua pakiti ya dawa, mpeleke mbwa kwa mganga wa wanyama saa ile ile, umwambie ni vidonge vingapi na amemeza saa ngapi. Kutapika, kukataa chakula, kinyesi cheusi kama lami na kunywa maji mengi ni dalili za hatari.

MATIBABU YA MGANGA WA WANYAMA

Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, nazo zimesaidia wengi sana. Mbili zijulikanazo ni meloksikamu na kaprofeni. Hutolewa kwa kipimo cha uzito, kwa hiyo mbwa hana budi kupimwa kwenye mizani, si kukisiwa kwa macho. Hupewa pamoja na chakula. Ni vema damu yake ipimwe kwanza ili ijulikane kama figo na ini ni zima, na ipimwe tena kila baada ya muda, kwa kuwa mbwa mzee aweza kuwa na udhaifu usioonekana.

Shikeni kanuni tatu. Dawa mbili za namna hii zisitumiwe pamoja. Dawa hizi zisichanganywe na deksamethasoni wala prednisoloni, ambazo pengine huchomwa sindano kwa haraka na watu wapitao nyumba kwa nyumba; mchanganyiko huo hutoboa tumbo. Na mbwa akitapika, akikataa kula au akitoa kinyesi cheusi, dawa isimamishwe siku hiyo, na mganga aulizwe.

Juu ya watu wapitao nyumba kwa nyumba, kila mfugaji ana haki ya kuuliza. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza la Veterinari Tanzania, na waganga wa wanyama huandikishwa na baraza hilo. Mganga wa kweli hakasiriki akiulizwa kama ameandikishwa. Waganga hao hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Morogoro, ambako pia iko hospitali ya wanyama. Na hapa kwetu, Temeke, iko maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo shughuli yake ni kuchunguza maradhi ya wanyama. Asiyejua aanzie wapi, na aanzie kwa afisa mifugo wa kata yake.

Utakapokwenda kwa mganga, nenda na daftari. Jambo hili ni la bei ya daftari la shule tu, nalo lina manufaa makubwa. Kwa muda wa siku 7 andika kila asubuhi: ameinuka kwa urahisi au kwa shida, amechechemea mguu gani, amekula au amekataa, ametembea mpaka wapi. Dawa ikianza, endelea kuandika siku 7 nyingine, kisha linganisha. Macho ya mwenye mbwa husahau, na moyo wake hutumaini, bali daftari hukumbuka kila kitu. Kwa daftari mganga atajua kama dawa yafanya kazi, au fedha yapotea.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Dawa peke yake ni nusu ya kazi. Nusu nyingine i mikononi mwa mwenye mbwa.

Malazi. Mabanda yetu mengi yamejengwa kwa saruji tupu, sakafu ngumu na baridi, na wakati wa mvua huingia maji. Kumlaza mbwa mzee hapo ni kumwongezea ugonjwa kila usiku. Weka chaga ya mbao iliyoinuka kidogo kutoka chini, na juu yake godoro kuukuu au gunia lililojazwa majani makavu, unene wa kutosha mifupa isiguse mbao. Anika malazi hayo juani kila juma, na hapo hapo utafute kupe. Banda liwe na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Mbwa afungwaye mchana kutwa katika tundu finyu hukakamaa hata asipokuwa mzee.

Uzito. Papasa mbavu zake. Zikipapaswa kwa wepesi bila ya kuonekana kwa mbali, uzito ni sawa. Zisipopatikana chini ya mafuta, amenenepa, na chakula kipunguzwe kidogo kidogo. Huko Marekani wataalamu waliwalea mbwa 48 wa aina ya Labrador, wakiwaweka wawili wawili wa tumbo moja, mmoja akila robo pungufu ya mwenziwe maisha yake yote. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Waliokula kwa kiasi waliishi karibu miaka 2 zaidi, kwa kadiri ya miaka 13 badala ya 11, na baridi yabisi iliwafikia kwa kuchelewa sana. Lakini jihadharini: mbwa wengi wa mitaani kwetu si wanene bali wamekonda, na kumpunguzia chakula mbwa aliyekonda kwa kudhani ni mvivu ni kumla nyama ya mapaja ambayo ndiyo ishikayo viungo vyake.

Chakula. Ugali mtupu hautoshi kwa mbwa mzee. Ahitaji dagaa, samaki, nyama au mayai ili nyama ya mwili isipungue. Mafuta ya samaki yameonekana kuwapunguzia mbwa wengine maumivu ya viungo, ingawa kwa kiasi, wala si badala ya dawa. Dagaa wa chumvi waoshwe kwanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kamwe, kwa maana hupasuka ikawa mikali. Ama zile unga na vidonge vya viungo viuzwavyo kwa bei kubwa, ushahidi wake ni mdogo. Mwenye fedha chache azitumie kwanza kwa dawa ya mganga na malazi mema.

Mazoezi. Wako wanaodhani kwamba mbwa mgonjwa wa viungo alale tu. Hilo nalo ni kosa, maana kiungo kisichotumika hukauka, na nyama ikikonda kiungo hubaki bila nguzo. Mtembeze dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni jua lisipokuwa kali, mahali penye mchanga au udongo laini. Mwendo uwe wake, si wako. Kila siku kidogo ni bora kuliko Jumapili moja nyingi, kwa kuwa mbwa akikimbizwa sana siku moja huulipa mwendo huo siku tatu.

Njia zake. Vigae vya kuteleza barazani vitandikwe mkeka mzito au zulia kuukuu. Penye ngazi weka ubao wa mteremko uliopigiliwa vijiti vya kuzuia kuteleza. Chombo cha maji kiwe karibu, kiinuliwe kidogo ili asiiname sana. Kucha zikatwe.

Joto. Asubuhi za baridi kunja kitambaa kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu, yasiyounguza mkono wako, kiweke juu ya kiungo dakika 10, kisha mkaushe vema. Akikataa, usimlazimishe.

KAZI YA MBWA MZEE

Msomaji mmoja aweza kuuliza, "Haya yote ni mema, lakini nyumba yangu italindwa na nani?" Swali hili ni la haki, maana wezi hawangoji mbwa apone. Jibu lake ni kwamba mbwa mzee asiachiwe kazi peke yake mpaka aanguke. Aonapo mtu kwamba mbwa wake amefikia miaka 6 au 7, na alete kijana wa pili angali mzee ana nguvu. Mtoto wa mbwa hujifunza kwa kumwiga mkubwa: nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, sauti ipi ni ya kubwekewa. Kisha wagawane kazi. Masikio ya mzee na uzoefu wake bado ni mali, na kubweka hakuhitaji magoti. Basi mzee abweke, na kijana akimbie. Watenganishwe tu wakati wa kula, ili kijana asimnyang'anye mzee chakula, wala asimrukie akiwa amelala.

MWISHO WAKE

Hufika siku ambayo dawa haizuii tena maumivu. Tazama daftari lako. Mbwa asiyeweza kuinuka pasipo kuinuliwa, alalaye katika uchafu wake, aliyekataa chakula, na ambaye siku zake mbaya zimezidi njema, huyo amemaliza safari. Hapo ni huruma, wala si ukatili, kumwita mganga wa wanyama amlaze kwa sindano, afe bila ya kuhisi. Kumtilia sumu katika nyama ni mateso makubwa, na sumu hiyo huweza kuwafikia kuku na mbwa wa jirani, hata watoto. Kumpeleka jalalani au kando ya barabara kuu akafe kwa njaa na magari ni vibaya vivyo hivyo. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama, na wenyeviti wa mitaa wafanya vema wakiwakumbusha watu wao habari hiyo katika mikutano.

Fadhila ya punda ni mateke, walisema wahenga, wakimsema punda asiyejua kulipa wema. Mbwa wa ulinzi hakutulipa mateke. Alitulipa usingizi wetu wa miaka mingi, akikaa macho ili sisi tulale. Basi, ndugu zangu, leo jioni mtakapomfungua mbwa wenu mzee, msimwite kwa fimbo. Simameni kidogo mmtazame anavyoinuka, na hatua zake za kwanza zilivyo. Mkiona shida, andikeni siku hiyo katika daftari, na kesho mwende kwa afisa mifugo.